Ukaguzi wa kiuchunguzi kwenye SACCOS ya walimu: tulicholipia na tulichopata

Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, na sasa ni mjumbe wa kamati ya usimamizi ya SACCOS ya walimu huku Nyanda za Juu Kusini. Fedha za wanachama ziliibwa, tukaajiri kampuni ya wahasibu kutoka Dar es Salaam ije kufanya ukaguzi wa kiuchunguzi. Sitataja jina la chama wala la kampuni, maana shauri liko mahakamani. Huduma yenyewe nitaieleza kwa kina, kwa sababu najua kuna SACCOS nyingine, shule na makanisa yaliyopatwa na kama yaliyotupata, na viongozi wake wanajiuliza kama ada ya watu hawa ina faida.

Ina faida, tena kubwa, ila kwa jambo ambalo wajumbe wengi wa bodi hawalifikirii wanapotafuta mkaguzi. Wao wanataka kuambiwa nani kaiba. Sisi hilo tulikuwa tumeshalijua nusu kabla kampuni haijafika. Kazi iliyonishangaza ni namna walivyoyapima madhara: shilingi ngapi zilitoka, zingezaa nini kama zingebaki, nani aliibeba hasara, na ni kiasi gani kinaweza kusimama mbele ya hakimu.

Fununu ilianzia kwa mwalimu mstaafu wa Rungwe aliyekuja kuchukua akiba zake, akaambiwa anadaiwa mkopo wa Sh. milioni 6. Mzee wa watu hajakopa tangu astaafu. Alikaa kwenye benchi pale ofisini ameshika kadi yake ya uanachama, akirudia kwa upole kwamba yeye hadaiwi na mtu. Baada yake wakajitokeza wengine. Ndivyo mambo haya yanavyofumuka mara nyingi. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, ACFE, katika ripoti yake ya 2024 kilionyesha kuwa asilimia 43 ya kesi walizozichambua ziligunduliwa kwa sababu mtu fulani alitoa taarifa, na asilimia 3 tu kwa mkaguzi wa nje. Wanachama wetu walimlaumu sana mkaguzi wa kila mwaka. Mimi naona lawama ile ilizidi. Mkaguzi wa mwaka huchukua sampuli ya hati, kisha hutoa maoni kama hesabu kwa ujumla wake zinaonyesha hali halisi. Kufuatilia shilingi moja moja hadi mfukoni mwa mtu ni kazi nyingine, ina watu wake na bei yake.

Siku ya kwanza binti mmoja wa kampuni alitoa diski kwenye kompyuta ya mhasibu, akaiunganisha na kifaa kinachoruhusu kusoma tu bila kuandika chochote ndani yake. Akachukua nakala kamili, pamoja na mafaili yaliyokwisha kufutwa. Mwishoni kompyuta yake ikatoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Alitusomea taratibu, katibu akaunakili kwenye fomu ya makabidhiano, sote tukasaini.

"Mwalimu," akaniambia, "mtu akibadilisha hata nukta moja humo ndani, namba hii haitarudi ile ile."

Nilielewa uzito wake baadaye, mwanasheria wetu alipotuonyesha kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa, lakini mahakama itauliza ulihifadhiwaje na kama kuna aliyeuchezea. Kuna mjumbe wa bodi alitaka mhasibu aruhusiwe kuitumia kompyuta ile wiki moja zaidi ili amalizie taarifa za mwezi. Wakaguzi walikataa katakata, na walikuwa sahihi.

Mafaili ya taarifa za benki yaliyokuwa kabatini hawakuyategemea hata kidogo. Waliandika barua, mwenyekiti akasaini, benki ikawapa taarifa moja kwa moja bila kupitia mikononi mwa mfanyakazi wetu yeyote. Walipoziweka mbili mbili mezani niliona kwa macho yangu. Nembo ni ile ile, maandishi ni yale yale, ila kwenye karatasi iliyotoka kabatini salio la mwisho wa mwezi halikutokana na miamala iliyo juu yake. Ukijumlisha kwa kalamu unaliona. Aliyeighushi alibadilisha salio, akaona kazi ya kubadilisha mistari yote ni ndefu. Hesabu za kughushi haziishii kwenye vyama vidogo kama chetu. Kule Kenya, PwC walipoikagua KUSCCO, muungano wa SACCO za nchi ile, liliibuka pengo la Sh. bilioni 13.3 za Kenya, na ikaelezwa kwamba kuna hesabu zilizokuwa na sahihi ya mkaguzi aliyekwisha kufariki.

Kisha wakaingia kwenye mikopo hewa. Kwenye SACCOS ya walimu mkopo wa kweli huacha nyayo nyingi: fomu, wadhamini, muhtasari wa kamati ya mikopo, fedha kuingia kwenye akaunti ya mshahara, halafu makato kila mwezi. Walichukua orodha nzima ya mikopo wakaioanisha na orodha ya makato kutoka kwa mwajiri. Kila mkopo usio na makato ukawekwa pembeni. Baadaye wakaupanga upya mzigo huo wote kwa namba ya simu iliyopokea fedha. Namba moja ilikuwa imepokea mikopo ya walimu wa wilaya tatu tofauti, wawili kati yao wakiwa marehemu.

Sehemu niliyoifurahia zaidi, kwa kazi yangu ya miaka yote, ni kanuni ya Benford. Katika mafungu makubwa ya namba za kawaida, kama ankara na malipo, tarakimu ya kwanza haijigawi sawasawa. Moja huanza kwenye asilimia 30.1 ya namba, tisa kwenye asilimia 4.6 tu. Simon Newcomb aliliona hilo mwaka 1881, na Frank Benford akalipima kwenye makundi mengi ya namba mwaka 1938. Mkaguzi anaweza kutazama hata tarakimu mbili za mwanzo. Jioni ile nilitoa jedwali langu la zamani la logi nikahakiki mwenyewe: logi ya 50 ni 1.6990, ya 49 ni 1.6902, na tofauti yao, 0.0088, ndiyo sehemu ya namba ambazo kwa kanuni hii zinatakiwa kuanza na 49. Maana yake, katika hati 1,000 za malipo, zinazoanza na 49 zinatakiwa ziwe kama tisa hivi. Kwetu zilikuwa nyingi mara kadhaa ya hapo, na zinazoanza na 48 vilevile. Sababu ikaonekana mara moja. Meneja alikuwa na ruhusa ya kuidhinisha peke yake malipo yasiyofika Sh. 500,000, kwa hiyo mengi yalikatwa yawe 480,000, 490,000, 495,000.

Walitutahadharisha kuwa hiyo si hatia ya mtu. Kanuni inaonyesha pa kuchimba, haisemi kilichomo. Pia haifai kila mahali: michango ya kila mwezi, ambayo kila mwanachama hukatwa kiasi kilekile, haiwezi kuifuata hata ikiwa safi kabisa. Nilipenda kwamba walilisema hili bila kuulizwa. Mtu anayeuza mbinu yake kupita kiasi angetuletea mchoro wa rangi na kutuachia tuamini.

Kwenye fedha taslimu walikuta mchezo wa kuzungusha marejesho. Mwanachama analipa kaunta, anapewa stakabadhi halali, fedha inabaki mfukoni mwa mtu. Anapokuja mwanachama wa pili, fedha yake inaandikwa kwa yule wa kwanza. Wa tatu anamfunika wa pili. Ili kuubaini walipanga stakabadhi kwa tarehe na kuzilinganisha na hati za kuweka fedha benki. Mwanzoni tofauti ilikuwa siku moja au mbili, jambo la kawaida kwa ofisi iliyo mbali na benki. Mwaka wa mwisho ilikuwa imefika wiki kadhaa.

Sasa nije kwenye kupima, ambako nadhani ndiko thamani ya huduma hii ilipo. Kila Mtanzania wa rika langu anakumbuka EPA, wizi kwenye akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu: Sh. bilioni 133, kampuni 22, mwaka wa fedha 2005/06, ukaguzi wa Ernst & Young, na Gavana Ballali kuondolewa Januari 2008. Namba ile ya bilioni 133 ndiyo iliyobaki vichwani. Namba moja kubwa huwakasirisha watu, lakini haimwambii mwananchi alipoteza nini. Nilikuwa na hofu kwamba sisi nasi tutapewa namba moja ya kukasirikia.

Na bodi ilikuwa nayo tayari. Leja ilionyesha mikopo hewa ya Sh. milioni 340, na baadhi ya wajumbe walitaka itangazwe hivyo hivyo. Wakaguzi walikataa. Sehemu ya mikopo hiyo ilikuwa mikopo hewa mipya iliyoandikwa ili kulipa ile ya zamani pamoja na riba yake, ionekane hai. Ukiijumlisha yote unaihesabu fedha ileile mara mbili, pengine mara tatu. Wakaiacha leja, wakafuata fedha iliyotoka kwenye akaunti ya benki ya chama na isirudi. Jumla ikashuka hadi Sh. milioni 231 zenye ushahidi kamili. Pembeni wakaweka Sh. milioni 58 ambazo ushahidi wake una pengo moja, kwa mfano hati ipo lakini aliyepokea hajulikani, na kundi la tatu la shaka tupu ambalo walishauri lisipelekwe mahakamani kabisa. Kuna waliodhani kampuni inamkingia mtu kifua. Mimi nasema mwanasheria wa upande wa pili angeipasua ile milioni 340 asubuhi ya kwanza, na zile za kweli zingeanguka nazo.

Halafu riba iliyopotea. Chama chetu hutoza asilimia 15 kwa mwaka. Mwenye haraka angezidisha hasara kwa 15, kisha kwa idadi ya miaka. Wao walitazama fedha zetu zilivyokuwa zikifanya kazi kweli: kuna zinazolala benki zikisubiri maombi, kuna mikopo halali isiyolipwa. Kwa wastani kila Sh. 100 ya chama ilikuwa ikiingiza Sh. 11 kwa mwaka. Wakatumia 11, mwezi kwa mwezi, kuanzia tarehe kila fungu lilipotoka. Na kwa kuwa katikati ya kipindi hicho chama kilikopa benki ili kuziba upungufu, kwa miezi hiyo waliacha kuhesabu mapato yaliyopotea na kuhesabu riba ya benki peke yake. Pengo lilikuwa limezibwa, mikopo ilikuwa ikitolewa. Kilichotuumiza ni gharama ya kuliziba. Kudai vyote viwili kwa shilingi ileile ni kudai mara mbili. Nimefundisha hesabu muda mrefu na sijaona mfano bora zaidi wa uaminifu katika kuhesabu.

Kilichoniuma ni sura ya gawio. Riba ya mikopo hewa ilikuwa ikiandikwa vitabuni kama mapato. Ziada ikaonekana nzuri, mkutano mkuu ukaidhinisha gawio, ukumbi mzima ukapiga makofi. Fedha taslimu ya gawio hilo ilitoka kwenye akiba za wanachama wenyewe. Kwa hiyo hasara haikuwaangukia wote sawa. Mwenye hisa nyingi alirudishiwa sehemu ya fedha kupitia gawio la uongo. Mwenye hisa chache na akiba kubwa, ambaye kwetu mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi aliyekaribia kustaafu, ndiye aliyelipia. Waliojitoa mapema waliondoka na haki yao yote, mzigo wao ukabaki kwa waliobaki na kwa warithi wa waliofariki. Jedwali la kurasa mbili linaonyesha hayo kundi kwa kundi. Sikuwahi kufikiria kwamba ukaguzi unaweza kusema jambo la haki kwa uwazi kiasi hicho.

Mwisho kabisa wakaambatisha orodha ya maombi ya mikopo yaliyokuwa yamekubaliwa na kamati, yakakaa bila kulipwa kwa kukosa fedha. Kila ombi lina namba, tarehe na sababu: ada, matibabu, bati, mbolea. Hawakuliwekea bei. Walisema hawana njia ya kuaminika ya kupima kwa shilingi mtoto aliyechelewa chuo. Kwenye mkutano mkuu maalumu nilipokuwa nikisoma muhtasari, mama mmoja aliyefundisha Tukuyu alisimama.

"Dada Mwalimu, mwanangu alikosa ada ya chuo mwaka ule. Hilo limeandikwa humo?"

"Limeandikwa, dada. Halina shilingi pembeni yake, lakini ombi lako lipo na tarehe yake ipo."

Akasema asante, akakaa. Ukumbi ulitulia kwa mara ya kwanza siku ile, na tangu hapo watu wakasikiliza jedwali badala ya kupiga kelele.

Mapungufu yapo, na mengine ni makubwa. Ripoti nzima ililetwa kwa Kiingereza. Chama ni cha wanachama, mikutano yake ni ya Kiswahili, na walimu wa darasa la kwanza hadi walinzi wa shule wana hisa humo. Muhtasari wa Kiswahili ulikuja baada ya sisi kushikilia malipo ya mwisho, na ulionekana umeandikwa harakaharaka. Hili halina utetezi. Mtu aliyeibiwa ana haki ya kusoma alivyoibiwa.

Pili, kwa miaka miwili ambayo hati zake zililiwa na mchwa, rasimu ya kwanza ilikadiria hasara kwa kuchukua wastani wa miaka mingine na kuuchanganya ndani ya jumla. Ilibidi kamati yetu iandike barua ndipo makadirio yale yakatolewa na kuwekwa peke yake. Baada ya umakini wote niliousimulia, sikutegemea hilo.

Tatu, mahojiano. Makarani wawili walihojiwa kwa saa nyingi bila kuambiwa wanaweza kuja na mtu. Mmoja wao, binti ambaye mwishowe hakukutwa na kosa lolote, alitoka analia na hadi leo watu mtaani wanamtazama vibaya. Hakuna ukurasa kwenye ripoti unaomsafisha kwa jina. Niliomba waongeze sentensi moja, wakajibu kuwa si utaratibu wao. Kwangu hayo nayo ni madhara ya ule wizi, na waliopewa kazi ya kupima madhara walipaswa kuyaona.

Kuhusu bei: tulilipa Sh. milioni 36, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani, kwa awamu tatu. Kwa SACCOS yenye mtaji mdogo hiyo ni fedha ya kuumiza, na kama hasara yenu inayohisiwa ni milioni kumi, msiwaite. Mwombeni afisa ushirika na mrajis msaidizi wawasaidie, kisha mpeleke mlichonacho polisi au TAKUKURU. Kwa hasara kama yetu, ripoti iliyopimwa vizuri ilitupa mambo ambayo hatukuyapata kokote: mwanasheria alijua adai nini, benki ilikubali kutupangia upya mkopo wetu, na bodi mpya ilijua ifute nini vitabuni na iwalipe nani kwanza.

Mkiwaita watu wa kazi hii, andikeni hadidu za rejea zenu wenyewe kabla ya kuona bei. Iandikwe humo kwamba fedha iliyotoka itenganishwe na mapato yaliyopotea. Kwamba kila kiasi kipewe daraja la ushahidi. Kwamba makadirio yasiingizwe ndani ya jumla. Kwamba hasara ionyeshwe kwa makundi ya wanachama. Kwamba ripoti ije kwa Kiswahili siku ileile. Na kwamba mfanyakazi asiyekutwa na kosa aandikwe hivyo. Ulizeni pia atakayesimama kizimbani kama shahidi ni nani, ana usajili gani wa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, na siku zake za mahakamani zinalipwaje. Kwetu hilo la mwisho halikuwa kwenye mkataba, na sasa kila shauri linapoahirishwa tunalipa nauli, malazi na posho ya mtu kutoka Dar es Salaam.